Likembe Lenye Umeme: Je, Sauti Ile Inatoka kwa Bangi?



Muhula huu neno moja limesemwa sana, chini ya miembe, kwenye bomba la maji, hata darasani mwalimu akiisha kutoka. Neno lenyewe ni lile likembe la darasa la nne. Wale waliokuwako Jumamosi ile ya michezo wanakumbuka. Mwanafunzi mmoja alitoa kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma, akakifunga kwa waya kwenye ampli iliyotengenezwa na mabaki ya redio, halafu akaanza kupiga kwa vidole gumba. Sauti iliyotoka haikuwa ya likembe tunalolijua. Ilinguruma, ikakwaruza, ikazunguka-zunguka pahali pamoja kama mutumbwi wa motere unaotafuta nafasi ya kukaribia ufuko wa Baraka. Wengine walicheza, wengine waliziba masikio. Ndipo mmoja akapaza sauti: “Wee! Ile njo musiki ya bavuta-bangi!” Watu wakacheka, lakini neno lilishika.

Siku ya Jumatatu jina la yule kijana lilikuwa ndani ya kitabu cha nidhamu, na likembe lilikuwa kabatini chini ya kufuli. Aliyeliandika jina lake ni sisi wenyewe tunaoandika habari hii, sisi tuliopewa kazi ya kusimamia wenzetu. Hatukumwona akishika bangi. Hatukusikia harufu yake. Tuliandika kwa ajili ya sauti tu. Mwalimu wa fizika alipotuuliza, “Mliandika mtoto, ao mliandika sauti?” tulikosa jibu.

Tangu siku ile tumeuliza wakubwa, tumesoma tulichoweza kupata, tumesikiliza. Tunaona vema kuwaeleza tuliyoyapata, kwa sababu kosa letu lilitoka kwa kutojua, na hatuko peke yetu katika kutojua huko.

1. JINA NA CHANZO CHAKE

Musiki ya namna ile wageni wanaiita saikedeliki. Neno hilo lilitungwa mwaka 1956 na Humphry Osmond, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Kanada, alipokuwa akiandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley. Alichukua maneno mawili ya Kiyunani. La kwanza ni psyche, ni kusema nafsi. Waliosoma na mwalimu wa dini habari za Agano Jipya wamekwisha kulisikia. La pili lina maana ya kudhihirisha. Basi saikedeliki ni kitu kinachoidhihirisha nafsi, kinachoitoa nje ionekane.

Tusifiche kitu. Daktari huyo hakuwa akisema juu ya musiki, alikuwa akisema juu ya madawa, na mojawapo ni ile inayoitwa LSD. Dawa hiyo ilitengenezwa Uswisi na Albert Hofmann mwaka 1938, na nguvu yake juu ya akili ikajulikana mwaka 1943. Anayeimeza anaona rangi zisizokuwako, anasikia sauti zikirefuka, saa moja inaweza kuonekana kwake kama siku nzima. Katika miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani na Uingereza waliitumia, na wapigaji wa musiki wakaanza kutafuta sauti zinazofanana na ndoto hizo. Jimbo la California liliikataza kwa sheria mwaka 1966, na nchi nyingine zikafuata. Kwa hiyo aliyepiga kelele Jumamosi ile hakutoa neno lake hewani. Jina la musiki hii lilizaliwa karibu na dawa, na hilo ni kweli.

Lakini ukweli huo ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: walipotaka kutengeneza sauti hizo, wapigaji wale walizitafuta wapi? Walizitafuta kwa wazee. George Harrison wa Beatles alipiga sitar, chombo cha Wahindi, katika rekodi ya mwaka 1965. Kule Scotland, Robin Williamson na Mike Heron wa kundi la Incredible String Band walichanganya nyimbo za zamani za kwao na vyombo vya mbali. Williamson alikuwa amesafiri mpaka Moroko, akarudi na vyombo vya huko. Musiki yao, na ya wengine waliofanya kama wao, inaitwa saikedeliki ya kienyeji, kwa sababu mizizi yake ni nyimbo za watu wa vijijini: gitare ya mbao, filimbi, ngoma za mkono, hadithi za kale. Vijana walifikiri wamevumbua kitu kipya, na kumbe walikuwa wakigonga kwenye mlango wa nyumba ya babu.

2. SAUTI ILE INATENGENEZWA NAMNA GANI?

Tukiondoa jina na nguo za rangi-rangi, tunabaki na mambo manne. Yote manne tunayajua hapa kwetu.

La kwanza ni sauti moja inayodumu. Chini ya wimbo kuko sauti isiyobadilika, inayoendelea tu. Aliyevuka ziwa usiku kwa boti anajua: baada ya saa moja ya motere, sikio linaanza kusikia nyimbo ndani ya mngurumo.

La pili ni kurudia. Wanawake wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja, huyu anapiga, yule anapiga, hawagongani. Pigo ni lile lile, lakini ukikaa karibu mwili wako unaanza kulifuata bila kuambiwa.

La tatu ni mwangwi. Piga kelele mbele ya milima ya Fizi asubuhi, mlima utakurudishia sauti yako, lakini imechelewa kidogo, tena imelainika. Ndani ya studio walifanya mlima wao kwa mashine na tepu. Beatles mwaka 1966 walichukua vipande vya tepu, wakaviunga mwisho kwa mwanzo, vikazunguka bila kukoma. Vingine walivipiga kinyumenyume.

La nne ni kukwaruza. Hilo ndilo lililowaogopesha watu Jumamosi. Mwalimu wa fizika alituonyesha kwa chaki. Sauti safi inapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa siku ya utulivu. Ampli ina kipimo chake. Ukiisukuma kupita kipimo, vichwa vya mawimbi vinakatwa, vinakuwa bapa. Pale vinapokatwa zinazaliwa sauti nyingine ndogo-ndogo za juu ambazo hazikuwako mwanzo. Sikio linazisikia zote pamoja kama mkwaruzo. Kila mmoja wetu amekwisha kuusikia, redio ndogo inapofunguliwa mpaka mwisho siku ya mpira.

Sasa tuhesabu: kudumu, kurudia, mwangwi, kukwaruza. Katika hayo manne, ni lipi linaloomba moshi?

3. LIKEMBE LILIANZA KUKWARUZA ZAMANI

Likembe ni la jamaa kubwa. Kwa Wagogo wa Tanzania kuko ilimba, iliyojulikana ulimwenguni kwa mikono ya Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Likembe letu lenye kisanduku lilipanda Mto Kongo na njia zake mwishoni mwa miaka ya 1800 pamoja na wapagazi na watu wa kazi, likafika mbali hata Uganda. Lilipendwa na wasafiri kwa kuwa ni dogo, ni jepesi, tena unaweza kulipiga huku unatembea.

Liangalieni vizuri. Kwenye ndimi zake fundi anazungusha vipete vya waya. Kazi ya vipete hivyo ni kutikisika na kukwaruza. Kisanduku kina tundu. Mpigaji akilifunika na kulifunua kwa kidole, sauti inafumba na kufumbua kama mdomo wa mtu. Hayo mawili, mkwaruzo na sauti inayofumba na kufumbua, wapiga gitare wa Ulaya na Marekani waliyanunua dukani katika miaka ya 1960, ndani ya visanduku vya umeme vinavyokanyagwa kwa mguu. Fundi wa likembe aliyapata kwa waya na tundu. Wazee hawakuona sauti safi kuwa sauti kamili. Kwao chombo kisichokwaruza kilikuwa kama chakula kisicho na chumvi.

4. KINSHASA: KUNDI LA KONONO

Mfano mkubwa kabisa uko ndani ya nchi yetu. Mawangu Mingiedi alikuwa Muzombo, wa kabila linalokaa kwenye mpaka wa Kongo na Angola. Katika miaka ya 1960 alianzisha Kinshasa kundi la Konono No 1, ili kuendeleza musiki ya kwao mjini. Lakini mji una kelele. Motokari, soko, baa, vyote vinapaza sauti, na likembe ni chombo cha sauti ndogo. Afanye nini?

Walitafuta sumaku katika vyuma vya motokari zilizokufa, wakachonga mbao, wakazungusha waya wa shaba, wakajitengenezea mikro zao wenyewe. Wakatumia mapembe makubwa ya kupazia sauti, yale yanayoitwa lansi-vwa. Ngoma zao nyingine zilikuwa sufuria na mabaki ya motokari. Walikuwa na malikembe matatu, la sauti nene, la katikati, na la sauti nyembamba. Vyombo hivyo vilivyotengenezwa kwa mkono vilikwaruza sana, nao hawakuona haya. Waliuchukua mkwaruzo ule wakaufanya kuwa sehemu ya wimbo, kwa maana likembe la babu zao nalo lilikwaruza.

Kanuni waliyoitumia tumeisoma darasani. Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831: sumaku na waya wa shaba vikikaribiana na kimoja kikatikisika, mkondo wa umeme unazaliwa ndani ya waya. Ulimi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unatikisa nguvu ya sumaku, na waya unatoa umeme mdogo unaotikisika vile vile. Ampli inaukuza. Ni hilo tu. Yule kijana wetu wa darasa la nne alifanya jambo lile lile kwa sumaku ya bafle iliyokufa na waya wa motere ndogo.

Mwaka 1978 musiki ya Konono ilirekodiwa Kinshasa kwa ajili ya redio ya Ufaransa. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliisikia, naye aliwatafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2004 ilitoka albamu yao Congotronics. Watu wa Ulaya na Marekani walishangaa: walisema inafanana na musiki ya roki ya majaribio na ya mashine ambayo vijana wao walikuwa wakiitafuta. Mwaka 2007 Konono walisikika katika albamu ya Björk, mwimbaji wa Iceland. Mwaka 2010 walipiga katika albamu ya Herbie Hancock wa Marekani, na wimbo waliopiga ndani yake ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mingiedi alifariki mwaka 2015, na albamu iliyofuata mwaka 2016 ilitoka chini ya mwanawe Augustin.

Basi ulimwengu ulisikia sauti ya ndoto. Lakini ukiuliza sauti ile ilitoka wapi, jibu ni hili: kelele za mji, chuma chakavu, na mtu asiyekubali musiki ya wazee wake imezwe.

5. UGANDA: SIKIO LINASIKIA KISICHOPIGWA

Wengine watasema: “Sawa, mkwaruzo tumeelewa. Lakini mimi Jumamosi nilisikia wimbo ambao mikono yake haikuupiga. Ile njo uchawi, ao ni bangi.” Ndugu, hata sisi tuliusikia. Tena jambo hilo limekwisha kuchunguzwa, na limechunguzwa kwa majirani zetu.

Waganda wana chombo kinachoitwa amadinda, chenye vipande kumi na viwili vya mbao. Wapigaji wawili wanakaa wakielekeana. Mapigo ya mmoja yanaingia katikati ya mapigo ya mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vikishikana, kwa mbio sana. Mwaka 1960 hivi, Gerhard Kubik kutoka Austria alijifunza Kampala kwa Evaristo Muyinda, mpigaji na mwalimu mwenye sifa. Akagundua kitu: ukisikiliza, unasikia nyimbo ambazo hakuna mtu hata mmoja anayezipiga. Mpigaji wa kwanza hazipigi, wa pili hazipigi. Sikio ndilo linalookota sauti za chini toka kwa huyu na yule, likazishona pamoja. Vilevile na za juu. Wazee wa Uganda walilijua jambo hili muda mrefu. Mpigaji wa tatu kazi yake ni kuzifuata zile sauti mbili za chini kabisa na kuzipiga tena juu, ili wimbo uliojificha utoke waziwazi.

Malikembe nayo ni vile. Kidole gumba cha kuume na cha kushoto ni wapigaji wawili ndani ya mtu mmoja. Wimbo wa tatu unatoka katikati yao.

Hapa tunaomba mfikiri. Mpigaji mmoja akichelewa kidogo tu, kitambaa chote kinafumuka. Mtu mwenye akili iliyolegea hawezi kazi hii. Msikilizaji anaona kama ndoto, lakini mpigaji yuko macho kuliko sisi sote.

6. MWISHO WA ZIWA LETU: ZAMBIA

Ukifuata ziwa Tanganyika mpaka mwisho wake wa kusini unafika Mpulungu, Zambia. Nchi hiyo katika miaka ya 1970 ilikuwa na musiki yake ya saikedeliki, nao wanaiita Zamrock. Serikali ya Rais Kaunda ilitaka redio ipige zaidi musiki ya wananchi, na vijana wa miji ya migodi ya shaba wakachukua gitare zenye mkwaruzo wakachanganya na midundo ya kwao. Kundi la WITCH lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, aliitwa Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Uingereza. Amanaz walitoa albamu yao Africa mwaka 1975. Paul Ngozi naye aliimba habari za maisha ya kila siku ya mitaa.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Bei ya shaba ilianguka, fedha ikapotea, halafu ukaja ugonjwa wa Ukimwi ukawamaliza wengi. Jagari alibaki. Alipata kufundisha musiki, baadaye akachimba mawe ya thamani, tena aliokoka. Wasikilizaji wapya walipoigundua musiki yao, alirudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu nyingine, Zango. Tumelitaja hili kwa ajili ya wale wanaofikiri kwamba mtu akiisha kupiga gitare ya kukwaruza amepotea milele. Huyu alisimama mbele ya wanafunzi, alichimba kwa mikono, alimwabudu Mungu, na gitare ilikuwa bado ni gitare.

7. NA BANGI YENYEWE?

Msituelewe vibaya. Hatuandiki ili kuitetea bangi. Bangi inaharibu kumbukumbu na uangalifu, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua hatari inazidi. Wengine inawafungulia mlango wa ugonjwa wa akili. Sisi wa darasa la sita tunaojitayarisha kwa Egzeta tunajua kwamba mtu anayeivuta haanguki siku moja, anaanguka ukurasa kwa ukurasa.

Hata kule Ulaya hesabu ililipwa. Syd Barrett, mmoja wa waanzilishi wa Pink Floyd, alikuwa kijana mwenye kipawa kikubwa cha kutunga. Alitumia LSD sana, akili yake ikavurugika, akawa anasimama jukwaani bila kupiga. Mwaka 1968 aliachana na kundi. Aliishi mpaka mwaka 2006 akijitenga na watu, na musiki ile aliyoianza iliendelea bila yeye. Kama madawa ndiyo yangekuwa mama wa sauti, yeye ndiye angepiga kuliko wote.

8. TULIKWENDA KUMWONA BABU

Jumapili moja baada ya ibada, tulikwenda pamoja na yule kijana kijijini kwao, upande wa njia ya Fizi, tukazungumza na babu yake. Hapo ndipo tulipojua kwamba likembe lililo kabatini si la kijana. Ni la babu. Lake la kwanza lilipotea walipovuka ziwa kukimbia vita mwaka 1996. Hili la pili alilitengeneza kambini, upande wa Kigoma, kwa mbao za sanduku na spoku za baiskeli, akarudi nalo nyumbani. Kijana aliongeza sumaku na waya tu, kwa ruhusa yake, kwa sababu mikono ya mzee sasa inatetemeka na sauti imekuwa ndogo.

Tulimwomba ruhusa kisha tukamwuliza juu ya bangi. Alicheka mpaka akakohoa. “Batoto bangu,” akasema, “ile chombo nilikuwa napiga njiani, toka Fizi mpaka Baraka, kwa miguu, mzigo kichwani. Unarudilia, unarudilia, juu miguu isisikie kuchoka. Bangi ya nini? Ningevuta, ningepotea njia.”

Halafu akatuuliza kwa upole: “Na likembe langu, liko salama?”

Tulimjibu, “Ndiyo, babu, liko salama.” Ilikuwa kweli, kwa maana kufuli ni nzuri. Lakini hatukuweza kumwangalia machoni.

9. TUNACHOOMBA

Kwa heshima yote tunamwomba Bwana Prefe na mwalimu wa nidhamu mambo matatu.

Kwanza, likembe litolewe kabatini lirudishwe kwa mwenyewe kabla ya likizo, kwa maana mwenyewe ni mzee.

Pili, jina la kijana lifutwe katika kitabu cha nidhamu, na kama kitabu kinahitaji jina mahali pale, liandikwe la sisi tulioandika bila kuona.

Tatu, tangu sasa sisi wasimamizi tuandike kile tulichokiona kwa macho yetu. Anayekamatwa na bangi, aandikwe, hatutamficha hata akiwa rafiki yetu. Lakini sauti isiandikwe.

Kwa wanafunzi wenzetu: wale ambao hawakuipenda musiki ile wana haki yao. Hata sisi mkwaruzo ule unatuchosha baada ya nusu saa, hatuoni haya kusema. Kutopenda si kosa. Kosa ni kuchukua kutopenda kwako ukakugeuza kuwa shtaka juu ya mwenzako. Tena wale mnaosema kwamba musiki inayorudia-rudia haina nafasi kwa watu wa Mungu, fungueni 2 Wafalme sura ya 3, msome juu ya nabii Elisha kabla ya kutoa unabii wake: aliomba aletewe nani?

Mwalimu wa fizika amekubali kwamba, likembe likirudishwa, atalitumia kueleza somo la sumaku na umeme mbele ya madarasa ya juu. Tumemwomba kijana amlete na babu yake, kama miguu yake itaruhusu. Kiti tutamtafutia wenyewe.

Na wewe, mdogo wetu wa darasa la nne, unayeyasoma haya mbele ya wenzako: jina lako tuliliandika mbele ya watu, basi na msamaha tunauomba mbele ya watu.

Sisi, msimamizi wa wanafunzi, darasa la sita